Injini ya Kichina milioni 1.6 au ya Kihindi milioni 4.2 kwa mashine ya kusaga? Mnaoishi nazo huku Nyanda za Juu Kusini, naombeni ukweli

#1 MtuWaUmalila
Habari za jioni wakuu.

Nina mashine ya kusaga huku Umalila, ukipandisha kutoka Mbalizi. Umeme umefika kijijini ila kwetu ni wa njia moja, hauvuti mashine kubwa, kwa hiyo bado nasagia dizeli. Miezi 19 iliyopita nilinunua injini mpya ya Kichina pale Mbeya mjini, ina kibandiko cha hp (nguvu za farasi) 24. Nilitoa 1,600,000 taslimu. Tangu siku hiyo imefunguliwa mara mbili: kwanza ringi za pistoni, halafu beringi za konrodi, ule mkono unaoshika pistoni.

Ijumaa iliyopita saa nne asubuhi, foleni ya ndoo na viroba imefika hadi kwenye mparachichi, injini ikaanza kutoa moshi mweusi. Ikagonga mara tatu nne, ikajamu. Nilipomwaga oili nikakuta punje za chuma zinang'aa, ndogo kama ulezi. Nimezihifadhi kwenye kifuniko cha chupa.

Sasa kuna muuzaji Mwanjelwa ananipa nyingine kama hiyohiyo kwa bei ileile. Jirani yake ana ya Kihindi, ule mfumo wa Lister wenye flaiwili (magurudumu mazito ya pembeni) mbili kubwa, anataka 4,200,000. Marehemu baba alikuwa na ya namna hiyo, nimekua nikilala kwa mlio wake.

Mimi nasema hivi, na mnikosoe: viwandani kule wanatengeneza nzuri kwa ajili ya Ulaya na mbovu kwa ajili yetu, na sisi tunalipa mara tatu tukidhani tumeokoa. Nitafute hizo milioni 4.2 au nikubali ya 1.6?

#2 KijanaWaSoweto
Rahisi ni ghali mkuu. Kamata ya Kihindi, umemaliza.

#3 Fundi_Kabwe
Pole sana mkuu. Kabla hatujamhukumu mtu, nenda kasome namba iliyoumbwa kwenye chuma chenyewe cha bloku. Achana na kibandiko, kibandiko kinachapishwa popote. Utuletee hapa.

#4 BintiKilolo
KijanaWaSoweto "umemaliza" na milioni 4.2 anaitoa wapi? Wewe huko mjini unaona kama ni vocha. Huku Kilolo mtu akiuza mahindi yote ya mwaka hafiki hapo. Watu hawanunui cha bei nafuu kwa sababu ni wajinga. Wananunua kwa sababu ndicho kinachofikiwa na mfuko, na msimu haumsubiri mtu.

#5 MtuWaUmalila
Fundi nimeenda na tochi. Kwenye chuma pameandikwa S1100. Kibandiko kinasema 24.

#6 Fundi_Kabwe
Hapo ndipo nilipotaka. Sikiliza vizuri, na wengine mjifunze msije kuuziwa.

Namba hizi zina maana. S195: tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, moja. Zinazofuata ni kipenyo cha silinda kwa milimita, 95. Hiyo ni injini ya hp 12. S1100 ni silinda moja, milimita 100, na hp zake ni 15 au 16. Hp 22 hadi 24 unazipata kwenye 1115. Kwa hiyo ulinunua ya 16 iliyovalishwa shati la 24, halafu ukaifunga kwenye kinu kinachotaka 24. Ilikuwa inabeba mzigo usio wake kila siku kwa miezi 19. Mimi naiona imejitahidi.

Aliyekutengenezea si lazima ndiye aliyekudanganya. Kibandiko kinaweza kubandikwa hukohuko, bandarini, au nyuma ya duka.

#7 KontenaMoja
Wakuu salaam. Mimi ni mfanyabiashara, naleta vifaa vya kilimo, na mleta mada amegusa kazi yangu kwa hiyo nitasema nilichokiona kwa macho.

Nimefika Changzhou, mkoa wa Jiangsu, ambako injini hizi za silinda moja zinatengenezwa kwa wingi. Kule hakuna stoo ya Ulaya na stoo ya Afrika. Ukikaa mezani swali la kwanza ni moja tu: unataka ya bei gani? Ukitaja bei ya chini wanakubali, na wanakupunguzia chuma. Flaiwili inapungua uzito. Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, haiingizwi kwenye moto wa kuikomaza mara zote zinazotakiwa. Ringi ni za daraja la chini. Rangi ni ileile, tena wakati mwingine inang'aa zaidi.

Niliwahi kuleta daraja la juu, nikaliweka dukani kwa 2,300,000. Nilikaa nazo miezi mingi. Mteja anaingia, anauliza bei, anavuka barabara kwenda kwa jirani mwenye ya 1,600,000 inayofanana nayo kama pacha. Mwishoni niliziuza kwa hasara ili nilipe kodi ya fremu. Kontena lililofuata nilileta zile ambazo watu wanazinunua. Linanikera hadi leo, na ndiyo maana naandika.

#8 BintiKilolo
KontenaMoja nakushukuru kwa kusema wazi, ila umeruka kitu. Ulipoziweka pale dukani, mteja alionaje tofauti? Ulimfungulia? Ulimpa dhamana ya maandishi ya mwaka mmoja? Kama zinafanana kama pacha na wewe hutoi dhamana, mteja aliyechagua ya 1.6 alifanya hesabu sahihi. Kwa nini akulipe 700,000 kwa maneno ya mdomo?

#9 KontenaMoja
Dhamana sikutoa. Hapo umenishika.

#10 Mzee wa Makambako
Kamwene vijana. Mimi nakataa kabisa hii habari ya kwamba Mchina hajui kazi. Reli ya TAZARA walijenga Wachina, 1967 hadi 1970, na mpaka leo ipo. Shukeni Mlimba mpande nayo hadi huku Makambako, muone mahandaki na madaraja yale. Mlima umetobolewa, mto umevukwa, na zege halina ufa. Nilikuwa mtoto wakati ule, tuliwaona wakila wali wao pembeni ya tuta. Kitu kikitengenezwa kwa nia njema kinadumu.

#11 Nzovwe_Tu
Shikamoo mzee. Kila uzi lazima reli ipite, tumezoea. Ila miaka umeichanganya: 1967 ni mkataba uliposainiwa Beijing. Ujenzi ulianza 1970, reli ikafika New Kapiri Mposhi, Zambia, 1975, na kukabidhiwa ni Julai 1976. Kilomita 1,860.

Na kuna upande wa pili. Njia ni imara, hilo sikatai, lakini vichwa vya treni vya kwanza vilihemewa palepale unapopasifia, mlima wa Mlimba hadi Makambako. Mwaka 1983 ndipo vikaja vichwa vya Krupp kutoka Ujerumani. Kwa hiyo nchi ileile, mradi uleule, kimoja kimedumu na kingine kilishindwa na mlima wetu.

#12 Mzee wa Makambako
Marahaba. Miaka umenisahihisha vizuri, nimekubali. La vichwa pia ni kweli, tuliona treni inakwama na abiria wanashuka kuota jua.

#13 Mwl_Fizikia
Nzovwe_Tu umetaja neno ambalo nimesubiri mtu alitaje: mlima.

Mleta mada yuko Umalila, mita 2,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi. Injini ya dizeli isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani) hupoteza takribani asilimia 1 ya nguvu kila unapopanda mita 100. Chukua ile hp 16 ya Fundi, toa asilimia 20, unabaki na kama 13. Mafuta yanaingia yaleyale, hewa ya kuyaunguza haitoshi, na yasiyoungua ndiyo ule moshi mweusi aliousema.

Zaidi ya hapo, maji huko yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Ndiyo maana maharage Umalila yanakula kuni kuliko Kyela. Injini hizi zinapozwa na maji yanayochemka kwenye lile sanduku la juu, kwa hiyo zinafika kuchemka mapema zaidi.

Kiwanda kiko tambarare karibu na bahari na kinapima nguvu kulekule. Hakuna aliyetudanganya, tunasoma tu namba isiyo ya kwetu.

#14 Mbarali_Mpunga
Mwalimu hoja nzuri, lakini mimi niko Usangu, ni bondeni kwa kulinganisha na huko, kama mita 1,000, na ya kwangu ilikufa vilevile, tena ndani ya mwaka. Ilikuwa ya kukoboa mpunga.

Nakwambieni kilichoiua: vumbi la pumba. Injini na kinu vilikuwa chumba kimoja. Siku fundi alipofungua chujio la hewa, lile lenye oili chini, alichota tope kwa kijiko. Kila pumzi injini ilikuwa inavuta msasa. Ringi zikaisha, ikaanza kunywa oili, kwisha habari. Mtu wa Umalila, injini yako imekaa wapi?

#15 MtuWaUmalila
Chumba kimoja na kinu. Chujio nilikuwa nalipuliza kwa mdomo Jumapili.

#16 mama_Sembe
Jamani, wanaume mnaongea vyuma tu. Mimi ni mteja wa mashine hizi, niseme upande wa kwenye foleni.

Mashine ikizima Jumamosi, mimi nina debe kichwani na mtoto mgongoni. Narudi nalo, au navuka korongo kwenda kijiji cha pili, saa nzima kwenda. Nikifika huko nikasagiwa vizuri, unga laini, haunuki dizeli, unadhani Jumamosi ijayo nitarudi kwako? Mleta mada ahesabu na hiyo. Injini inatengenezwa wiki moja, mteja aliyehama anarudi baada ya mwaka, au harudi.

Na msisahau ile ya mashine kusaga na vyuma. Tumekula unga wenye mchanga wa nyundo za ndani ya kinu zilizolika, unausikia kwenye meno.

#17 Fundi_Kabwe
mama_Sembe heshima yako, hilo la nyundo ni kweli tupu.

Mwl_Fizikia, la hewa nyepesi nakubaliana nalo mia kwa mia. La maji nakupinga kidogo. Maji yakichemka kwenye 93, bloku haipandi sana juu ya hapo maadamu maji yapo. Kwa maana hiyo chuma cha Umalila kinakaa baridi kuliko cha Kyela. Hatari ni maji kuisha bila kijana wa mashine kuona. Kuna lile boya jekundu la kuonyesha maji, kila mashine ninayoitwa kutengeneza nakuta limeng'oka na halijarudishwa. Maji yameisha, dakika kumi tu pistoni imeshikwa.

#18 Mwl_Fizikia
Umenirekebisha vizuri fundi, nilikimbilia hitimisho. Basi la hewa libaki, la maji liwe la usimamizi.

#19 Tunduma_Mpakani
Mimi nasema dizeli. Huko vijijini mnanunua kwenye madumu, na humo mna mafuta ya taa. Uchakachuaji unaua pampu na nozeli, halafu lawama anapewa Mchina.

#20 Nzovwe_Tu
Hiyo ilikuwa zamani. Mafuta yanawekewa vinasaba (alama ya kugundua yaliyochanganywa) tangu 2010, na 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa makusudi ili kuchanganya kusilipe. Siku hizi mchanganyaji hapati faida ya maana. Tatizo la madumu ni maji na uchafu. Dumu lililokuwa na mafuta ya kula jana, leo lina dizeli. Acha lisimame usiku mzima, chuja kwa kitambaa kizito, na usimimine ile sehemu ya chini.

#21 Tunduma_Mpakani
Sawa, maji basi. Lakini bado ni mafuta.

#22 Fundi_Kabwe
Mleta mada swali jingine. Puli iliyo kwenye injini ni inchi ngapi, na ya kwenye kinu ni inchi ngapi? Pima leo.

#23 KijanaWaSoweto
Wakati tunamsubiri, niwape la kwangu la betri ya sola. Nilinunua ya "Ah 100" kwa ajili ya kijiwe changu cha kunyoa. Inawasha taa na mashine mbili, saa mbili usiku kimya. Mzee mmoja muuza viazi pale Uyole akaniambia niilete kwenye mizani. Tukaipandisha palepale kwenye mizani ya viazi: kilo 14. Akanionyesha ya kwake, ya miaka mingi, kilo 29. Ndani ya betri hizi ni risasi, na risasi ni nzito. Uzito ukikosekana ujue risasi haipo, wamejaza hewa. Tangu hapo nikienda kununua betri naanza na mizani, bei baadaye.

#24 BintiKilolo
Hii ya mizani ni dhahabu. Kwa nini mtu asiseme mapema?

#25 Mbarali_Mpunga
Ongeza na mota za umeme. Waya wa shaba unaigwa kwa alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Kwangulia ncha kwa wembe: ikiwa nyeupe chini ya rangi, hiyo ni alumini. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 ya shaba, kwa hiyo waya ule wa unene uleule unapata joto kupita kiasi, na umeme wetu wa jioni ukishuka ndiyo unanukia kabisa. Mafundi wa kusuka mota wanalijua hili, waulizeni wamesuka ngapi za aina hiyo mwaka huu. Mota ya shaba nayo inajulikana kwa kuinyanyua.

#26 Mzee wa Makambako
Hata jembe. Jembe la mamba, lile la Chillington kutoka Uingereza, baba alilima nalo hadi likawa fupi kama kiganja na bado linakata. Mbeya nako kulikuwa na kiwanda cha Zana za Kilimo, tulilimia majembe ya hapahapa. Sasa hivi unanunua jembe, ukigonga jiwe moja la Makambako linajikunja kama sikio.

#27 KijanaWaSoweto
Leo reli imepumzika, zamu ya jembe.

#28 SidoJirani
Wakuu, nimesoma wote. Mimi nachomelea vinu hapa Mbeya, bodi, nyundo, chekeche, vyote tunatengeneza wenyewe. Injini na beringi tu ndivyo vinatoka nje. Nataka kusema juu ya hizo za Kihindi mnazozisifia, maana nimezifungua.

Lister yenyewe ni ya Dursley, Uingereza, na kule waliacha kuzitengeneza 1987. Hizi za leo zinatoka Rajkot, Gujarat, kwa kuiga mchoro uleule. Kinachozidumisha ni mwendo. Lister ya hp 6 inazunguka mara 650 kwa dakika. Ya Kichina inazunguka 2,000 hadi 2,200. Piga hesabu pistoni imesafiri mara ngapi ndani ya siku moja. Ndiyo maana ya baba yako ilidumu, ilikuwa inatembea wakati hizi zinakimbia.

Lakini ya Kihindi mpya usiiwashe kama ilivyotoka kwenye kasha. Nilishapitisha kidole ndani ya krenki kesi, kikatoka na mchanga. Ni ule mchanga wa kalibu ya kumiminia chuma, haukusafishwa kiwandani, na juu yake wamepaka rangi. Ukiwasha, mchanga unaingia kwenye oili na miezi mitatu huna beringi. Lazima uifungue yote, uioshe kwa dizeli, upige brashi ya waya, ufunge upya. Ukishafanya hivyo ndipo inakuwa ile mnayoikumbuka.

#29 MtuWaUmalila
SidoJirani hapo umenitisha. Kumbe milioni 4.2 halafu naanza kuosha mchanga.

Fundi nimepima. Injini inchi 10, kinu inchi 5. Nikiri jambo: ilikuja na puli ndogo. Watu walilalamika inasaga polepole, nikaenda Mbalizi wakanichongea kubwa.

#30 Fundi_Kabwe
2,200 mara 10, gawa kwa 5, ni 4,400. Kinu cha nyundo kama chako kinataka kama 3,000. Ulitakiwa uwe na puli ya inchi 7 kwenye injini. Yaani hp 16, Umalila imekula 3, na wewe umeitwika kinu kinachokimbia karibu mara moja na nusu. Moshi mweusi umeanza lini, kabla ya puli au baada?

#31 MtuWaUmalila
Baada. Lakini ringi zilikufa kabla.

#32 Mbarali_Mpunga
Ringi ni pumba. Nilishasema.

#33 Nzovwe_Tu
Na TBS, shirika la viwango, je? Tangu 2012 bidhaa zinatakiwa zikaguliwe hukohuko zinakotoka kabla ya kupakiwa melini. Hii ya kibandiko cha 24 juu ya chuma cha 16 ilipitaje?

#34 KontenaMoja
Cheti kinaweza kuwa cha S1100 halali kabisa, iliyoandikwa hp 16 kwenye karatasi. Kibandiko kikabadilishwa baadaye. Mkaguzi alikagua injini, na injini yenyewe si feki. Kilicho feki ni maneno yaliyobandikwa juu yake. Mleta mada una risiti? Kama risiti imeandikwa hp 24, una kesi. Peleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani, FCC, wana ofisi Mbeya.

#35 MtuWaUmalila
Risiti imeandikwa "injini 1".

#36 mama_Sembe
Pole kaka. Siku nyingine andikisha kila kitu, hp, namba, dhamana. Akikataa kuandika, amekujibu.

#37 HesabuZaMufindi
Naombeni nilete hesabu maana sijaona aliyezipiga. Mleta mada, kwa debe unatoza ngapi, madebe mangapi kwa siku, na dizeli?

#38 MtuWaUmalila
Debe 1,500. Siku nzuri madebe 35. Dizeli kama 28,000.

#39 HesabuZaMufindi
Basi unabakiwa kama 24,000 kabla ya kumlipa kijana. Tofauti ya bei kati ya injini mbili ni 2,600,000. Gawa, ni siku 108 nzuri. Sasa taja siku ulizokaa bila kusaga tangu ununue, na gharama za fundi.

#40 MtuWaUmalila
Mara ya kwanza siku 6, ya pili 11 kwa sababu spea ilitoka Dar, sasa hivi ni ya 9. Fundi na spea 180,000 na 340,000.

#41 HesabuZaMufindi
Siku 26 mara 24,000 ni 624,000. Jumlisha 520,000 za fundi. Ni 1,144,000 ndani ya miezi 19. Kwa mwendo huo, tofauti ya 2.6 utaimaliza baada ya miaka mitatu na nusu hivi, kama ya Kihindi haitaharibika hata mara moja. Ukikopa SACCOS, weka na riba. Sisemi usinunue. Nasema ya bei kubwa haijashinda kwa mbali kama KijanaWaSoweto alivyodhani.

#42 mama_Sembe
Wateja waliovuka korongo umewaweka wapi kwenye hiyo hesabu?

#43 HesabuZaMufindi
Sikuwaweka mama. Sijui niwaweke kwa shilingi ngapi.

#44 SidoJirani
Tena hiyo ya Kihindi ni hp ngapi? Na utaifikishaje? Zile zinavuka kilo 300, na barabara ya Umalila masika tunaijua. Hiyo yako watu wanne wanaibeba.

#45 MtuWaUmalila
Leo nilishuka Mwanjelwa. Ya Kihindi wanasema hp 12. Nimejaribu kusukuma flaiwili, nzito kweli, inazunguka yenyewe muda mrefu baada ya kuiachia, moyo ukanirudi kwa baba. Nimeingiza kidole ndani kama alivyosema SidoJirani. Mchanga upo.

Ya Kichina nimesoma chuma: S1100, na kibandiko 24, vilevile. Nilipomwonyesha muuzaji namba akanyamaza, akashusha hadi 1,350,000. Duka la tatu lina 1115 halisi, 2,450,000, nimeisoma kwenye chuma mwenyewe. Akagoma kuandika dhamana zaidi ya miezi mitatu.

Ndaga fijo kwa wote, nimejifunza kuliko miezi 19 yote.

#46 KontenaMoja
1115 kwa 2,450,000 nyanyua flaiwili kwanza. Jumamosi nitakuwa Kabwe asubuhi, nipo tayari tuende wote tuifungue kifuniko kabla hujalipa. Sitaki chochote.

#47 Fundi_Kabwe
Mimi pia nitakuwepo. Njoo na kile kifuniko chenye punje, nataka kuziona. Kama ni nyeupe laini ni beringi ya konrodi. Kama ni ngumu na zina rangi ya bluu, hapo krenki yenyewe.

Kabla sijasahau, hakuna aliyeuliza: hiyo injini umeifunga juu ya nini? Zege au mbao?

#48 MtuWaUmalila
Mbao za mlingoti, boliti nne. Nilipanga kumwaga zege nikipata pesa ya pareto, sikuwahi.

#49 SidoJirani
Kaangalie boliti sasa hivi. Injini inayocheza kwenye msingi inavuta mkanda kishamba, na krenki ndiyo inayolipa.

#50 MtuWaUmalila
Nimetoka huko. Nati mbili nimezizungusha kwa vidole, bila spana.

#51 Fundi_Kabwe
Za upande wa mkanda au upande wa flaiwili?